Kichwa cha Watasema

Ninaandika nimesimama, daftari nimeliweka juu ya friji, kwa sababu tangu mbwa wangu Chai afe sikai. Nikikaa, dakika mbili haziishi nimeshainuka. Naenda getini, narudi. Nachungulia ndoo ya maji nyuma ya jiko, ndoo ambayo sasa hakuna kiumbe anayeinywea. Jana mke wangu, Mama Zuhura, aliniambia, "Baba Zuhura, sakafu hii tuliimwaga kwa shida. Usiimalize kwa wiki tatu." Basi nimeona afadhali niandike hicho mlichoniomba, huenda mkono ukishughulika miguu itatulia.

Ombi aliniletea Neema, afisa mifugo wa kata yetu hapa Nkuhungu. Alisema vijana wapya mnataka kusikia nilivyopanda ngazi kazini. Ngazi pekee ninayoikumbuka vizuri ni ya josho, na niliteleza, nikaogeshwa pamoja na ng'ombe wa watu. Hayo mengine ya vyeo yako kwenye mafaili, nendeni mkayasome huko kama panya wamebakiza.

Mimi ni Mrangi wa Kondoa. Nimekulia nyumba ambayo mbwa akilamba sufuria, sufuria inaoshwa mara saba na mojawapo ni kwa udongo. Nilipomaliza chuo cha mifugo nilijua nitashika ng'ombe. Siku ya kwanza ofisini nikakabidhiwa fimbo ndefu yenye kitanzi cha waya na kuambiwa, "Twende, leo ni mbwa." Nikasema moyoni, lahaula, mama akisikia hii!

Aliyenikabidhi ni Mzee Malogo, Mgogo mwembamba aliyekuwa na miaka mingi katika kazi kuliko mimi katika dunia. Vifaa vyake nakumbuka hadi leo: fimbo ile, glavu za ngozi za mafundi wa kuchomelea, sanduku la barafu lililofungwa kwa mpira wa baiskeli, na kisu kilichoviringishwa kwenye kipande cha khanga. Alinifundisha mambo ambayo chuoni hayakuwepo. Jaza kadi ya chanjo kwanza ndipo uchome sindano, maana ukishachoma, mbwa na mtoto aliyemleta wote wameshakimbia. Mbwa anayebweka ana afya yake, muogope anayekuja kimya. Mbwa anayetoka mate na taya limelegea, usiingize mkono mdomoni hata mwenyewe akikuapia kwa Mungu, kwa sababu kichaa cha mbwa kinaanza hivyo hivyo, kama mtu aliyekwamwa na kitu kooni, na wako waliozikwa kwa huruma ya namna hiyo.

Hayo yote nayathibitisha, yashikeni. Liko moja alilonifundisha ambalo sasa silithibitishi. Alisema, "Ukishaamua kumlaza mbwa asiamke tena, usimtazame mwenye mbwa usoni. Mtazame mbwa. Ukimaliza mwambie ni mbwa tu, Mungu atawapa mwingine, halafu ondoka." Nikalishika kama aya.

Tulizunguka. Kule Mtera tuliwahi kufika kuchanja kwenye kambi za wavuvi tukaambiwa hakuna mbwa hata mmoja. Kumbe wote wamepakiwa kwenye mitumbwi, wako katikati ya bwawa wanatubwekea. Mzee Malogo akakaa ufukweni, akaomba samaki wa kuchoma, akasema tutaona nani atachoka kwanza. Saa tisa alasiri mitumbwi ikarudi. Kazi hii, wanangu, nusu yake ni sindano na nusu yake ni kujua kukaa. Angalieni nani anayewaambia.

Baada ya Mzee Malogo kustaafu nikabaki peke yangu na fimbo, kisu na ile kauli yake. Miaka ishirini hivi iliyopita nikaitwa kwenye kijiji kimoja mbele ya Mvumi. Mbwa amemparura mtoto kwa meno, anatoa mate, hali, hanywi. Nilifika saa tano, jua la Oktoba, vumbi. Nikakuta wanaume wamesimama na marungu nje ya ua wa mjane mmoja aitwaye Nyemo, na yeye amesimama mlangoni mwa zizi la mbuzi, mikono ameitanua.

Mbwa wake aliitwa Watasema. Huyo mama alipofiwa na mume, shemeji zake walimtaka aondoke mji ule, akakataa. Maneno yakawa mengi. Yeye hakujibu mtu, alitafuta mbwa akampa jina hilo, na kila jioni akimwita mbwa wake kwa sauti, shemeji walioko nyumba ya pili wanapata majibu yao. Utamsemaje mtu anayemwita mbwa wake?

Akaniambia, "Bwana Mifugo, huyu hana kichaa. Ana mfupa. Juzi nilimpa mbavu za mbuzi kwa mkono wangu huu."

Nikamtazama mbwa kama nilivyofundishwa. Taya limeshuka, mate yananing'inia, sauti imekauka. Nikamwambia, "Mama, ndivyo kichaa kinavyoanza."

"Ni mfupa. Mwangalie tu ndani."

"Siruhusiwi kuweka mkono."

"Basi mfunge hapo kwenye nguzo. Mfunge umwangalie. Akifa kwa kichaa nitakuja mwenyewe kukuomba radhi."

Jirani mmoja, Chibago, baba wa yule mtoto aliyeparurwa, akasema, "Asipomuua yeye tutamuua sisi." Nami nilitazama saa. Basi la kurudi mjini lilikuwa la saa nane, na barafu kwenye sanduku langu ilikuwa imeshaanza kuwa maji. Nikamnasa kwa kitanzi, nikamlaza kwa sindano. Nikamburuta nyuma ya nyumba, nikatandika gunia, nikakata kichwa, maana maabara hawapimi kitu kingine ila ubongo. Mtoto nikaelekeza apelekwe kuchomwa sindano zote. Kiwiliwili nikamwachia mama azike. Sikumtazama usoni. Nikasema ni mbwa tu, Mungu atakupa mwingine. Nikawahi basi.

Ngoja ninywe maji.

Nimerudi. Tuje kwa Chai. Alikuwa mtoto wa mbwa asiye na mwenyewe, aliyetupwa kwenye mfereji karibu na ofisi, rangi ya chai ya maziwa, na binti yangu Zuhura ndiye aliyempa jina. Nilimkatalia nikashindwa. Mtumishi wa umma kumiliki mbwa anayeitwa Chai si jambo la busara. Mkubwa wangu mmoja aliniuliza kama najitangaza. Lakini jina likakaa, na mbwa akakaa, miaka kumi na miwili. Mama Zuhura alimwekea masharti: hapiti kizingiti, na sahani yake imepakwa rangi nyekundu ili isije ikachanganyika na zetu. Hakuwahi kumgusa hata siku moja. Mimi jioni nikirudi kazini Chai ananisubiri chini ya geti, pale kwenye uwazi, pua nje. Nilipostaafu alichanganyikiwa kidogo. Saa ya kunisubiri ikifika alikuwa anakwenda getini kuningoja na mimi nimekaa naye uani.

Mwezi uliopita figo zake zilikwisha. Sikuhitaji kipimo. Alikuwa anatapika, anakonda, anainuka anaanguka, na usiku kucha nasikia kucha zake zikikwaruza saruji. Nikachukua sindano, nikapima dawa, nikapiga magoti. Mkono huu uliolaza mbwa nisioweza kuwahesabu ukakataa. Jamani, ukakataa kabisa! Nikampigia Neema.

Alikuja na pikipiki yake baada ya alasiri. "Shikamoo, baba." Hakutoa sindano. Alikaa chini, kwenye vumbi, na sare yake. Akaniuliza, "Baba, unataka kukaa naye kwanza?"

Nikamjibu, "Fanya tu. Ni mbwa tu." Kauli ilinitoka yenyewe, imezoea njia.

Neema akasema, "Sawa. Mimi nipo nje ya geti. Ukiwa tayari niite." Akatoka. Niliweka kichwa cha Chai pajani, nikakaa naye mpaka maghrib inakaribia, na yule binti hakupiga honi wala kuchungulia. Miaka thelathini na kitu kazini, sijawahi kumuuliza mtu swali hilo. Hata mmoja. Hata mtoto. Wanangu, mkitaka uzoefu kwa Neema ndiko uliko, mimi mnanionea.

Nikamwita Neema, na alipomaliza akasema pole sana baba. Ndiye peke yake aliyenipa pole. Mbwa hana matanga. Msikitini wananiuliza habari, nasema alhamdulillahi, nitawaambiaje wazee wale kwamba kinachonikosesha usingizi ni mbwa? Siku ya tatu nikamkuta Mama Zuhura anakwangua ukoko kwenye ile sahani nyekundu, akauweka nyuma ya jiko mahali pake. Tukatazamana. Akasema, "Kuku watakula," na sisi hatufugi kuku.

Mimi nikaanza kuzunguka. Nikaona ule uwazi chini ya geti ndio unaonitesa, nikakodi guta la mizigo, nikalipeleka geti Kizota kwa fundi wa kuchomelea, aongeze bati chini. Fundi akainama, akaona chuma kilivyong'arishwa na mgongo wa mnyama miaka yote hiyo. "Mzee, hapa palikuwa pa mbwa?" Nikamwambia piga moto, maswali baadaye. Geti likarudi limeziba. Nilipoliona nikahisi nimemfungia mtu nje. Kesho yake nikalirudisha akate lile bati. Fundi alinitazama, akavua miwani yake myeusi, akasema, "Mzee, tuamue moja."

Sasa nirudi nyuma, maana pale juu kwa Watasema kuna jambo nimeliruka, na nimelizunguka hapa kwenye friji kwa siku mbili.

Nilipokuwa nakata kichwa kile, taya lilifunguka. Nikauona. Mfupa wa ubavu, mfupi kama kidole changu cha mwisho, umekaa mshazari juu, kati ya magego ya kulia na ya kushoto. Kwa koleo ni kazi ya dakika moja. Niliuchomoa, nikautupa kwenye minyaa ya ua, nikaendelea na kazi. Nilitoka nyuma ya nyumba nimeshajua. Ile "ni mbwa tu" niliyomwambia yule mama, nilimwambia nimeshajua.

Wiki tatu baadaye majibu ya maabara yakaja: hakuna kichaa. Nikatia sahihi, karatasi ikaenda kwenye faili, nakala nikaikunja ndani ya daftari langu la kijani. Sikuipeleka. Kwanza pikipiki ya ofisi ilikuwa mbovu. Halafu mvua zikakata barabara. Halafu aibu, na aibu humzuia mtu hata barabara ikiwa nzuri. Nilisikia kwa watu kwamba kule kijijini maziwa ya Nyemo yalikataliwa, kwamba watoto walikatazwa kupita uani kwake, kwamba shemeji zake sasa walikuwa na la kusema kweli: huyu mama alitaka kutuulia watoto na mbwa wake. Nikasikia, nikanyamaza. Karatasi ya kumtoa kwenye hayo yote ilikuwa ndani ya daftari langu.

Msinielewe vibaya. Kutoingiza mkono mdomoni ilikuwa sahihi, na ningesimama tena leo nisingeuweka. Kosa ni kwamba angeweza kufungwa kwenye nguzo akaangaliwa, kama mwenyewe alivyosema, na mimi nikatazama saa. Na kosa kubwa kuliko hilo ni karatasi. Majibu yakija, yapelekeni siku hiyo hiyo, hata kwa miguu.

Niliishia hapo Jumanne. Jumatano asubuhi Mama Zuhura akanikuta nimevaa viatu vya kazi. "Unakwenda wapi?" Nikamwambia Mvumi, na mbele, nikamsimulia habari za Nyemo na karatasi. Akaniuliza huyo mama yu hai? Sikujua. Hilo ndilo lililonikimbiza. Njiani nilihesabu umri wake mara kumi, kila mara nikipata jibu baya zaidi. Nilishuka Mvumi nikachukua bodaboda, nikamwambia kijana akaze mwendo kidogo, akasema mzee, mchanga huu hautaki haraka.

Mji ulikuwepo. Minyaa imekuwa mirefu. Uani alikuwako bibi amekaa kwenye mkeka, anapepeta uwele. Nikabisha kwa salamu ya Kigogo.

"Hodi hapa! Mbukwenyi."

"Mbukwa. Karibu, baba." Alinitazama bila kunijua.

"Shikamoo, mama. Mimi ni yule Bwana Mifugo wa zamani. Nilikuja hapa kwa ajili ya mbwa."

Ungo ukasimama. "Aliyechukua kichwa," akasema.

Hakusema aliyemuua. Nilikuwa nimejiandaa kwa lile jingine. Nikatoa karatasi, nikamsomea nimesimama. Halafu nikamwambia na habari ya mfupa, kwamba niliuona siku ile ile.

"Ulikuwa upande gani?"

"Juu, mama. Kati ya magego."

"Nilikwambia."

"Uliniambia."

"Nilikwambia mara ngapi?"

"Mara mbili, mama. Labda tatu."

"Nne," akasema. Akaweka ungo chini, akashika fimbo yake, akainuka. "Sasa hiyo umenisomea mimi ya nini? Mimi nilijua. Mbavu nilimpa mwenyewe. Twende ukawasomee wao."

Tukatoka. Yeye mbele, mimi nyuma na karatasi yangu. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya shemeji yake, mzee sasa, macho yameingia ukungu. Nikasoma. Akasema "Hee!" Nyemo akaniambia, "Soma tena, huyu hasikii vizuri." Nikasoma tena. Nyumba ya pili walikuwa wanakula, wakaacha. Mama mmoja akashika shavu akasema, "Uwii, na maziwa yake tukayamwaga!" Nyumba ya nne ilikuwa ya Chibago. Yule mtoto aliyeparurwa sasa ni baba wa watu, alikuwa anatengeneza pikipiki, akazima redio ili asikie. Chibago akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Miaka yote hiyo, Bwana Mifugo?" Nikamwambia ndiyo. Akauliza, "Kwa nini?" Nikaikunja karatasi kwenye mikunjo yake ya zamani. Chibago akamgeukia mama yule, akaanza kusema kitu kwa Kigogo, akashindwa kukimaliza, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

Tulikwenda nyumba kumi na moja. Kila mahali yeye alisimama wima na fimbo yake, hakusema neno lake hata moja zaidi ya hilo, soma tena. Jina alilompa mbwa wake lilikuwa linafanya kazi yake bado.

Tuliporudi alinipitisha nyuma ya nyumba. Palikuwa na mawe yamepangwa, machache, karibu na pale nilipotandika gunia. Mwenye kovu usidhani kapoa, wahenga walisema, nami nilikuwa nalisema hilo kwa watu wengine maisha yangu yote.

"Hapa nilizika nusu," akasema. "Kichwa chake mlikipeleka wapi?"

Ningeweza kumdanganya kwa upole. "Maabara, mama. Wakishapima wanachoma moto."

"Chote?"

"Chote."

Akatikisa kichwa polepole. Akasema alikuwa akifikiri labda kiko mahali, kwenye chupa, kwamba labda siku moja kitarudi. Nikasema nisamehe mama. Alinitazama mimi, viatu, mikono, jinsi nilivyokuwa nakanyaga huku na huku kwenye vumbi lake.

"Mtu haji hivi hivi baada ya miaka yote hii," akasema. "Umefiwa na nani?"

Nikaona aibu. Nikasema, "Mbwa, mama." Nikangoja aniambie ni mbwa tu. Ilikuwa haki yake, kunirudishia kauli niliyomwachia mimi mwenyewe.

"Alikuwa anaitwa nani?"

"Chai."

"Umemzika wapi?"

"Nyumbani. Kando ya geti."

"Na kichwa chake?"

"Na kichwa chake, mama."

Nyemo akasogeza kigoda kilichokuwa kando ya ukuta kwa ncha ya fimbo mpaka kikagusa mguu wangu.

"Basi kaa hapo umlilie," akasema. "Wewe wako umemzika mzima."

Nikakaa.